Jiko Linahukumiwa kwa Kosa la Friji

Katika nyumba nyingi zenye umeme, za mjini Bariadi na za vijiji vya kata ya Nkololo, kuna imani ambayo watu hawaijadili tena: kifaa chenye wati nyingi ndicho kinachomaliza uniti. Kwa imani hiyo presha kuka ya wati 1,000 inaogopwa, jagi la kuchemshia maji la wati 1,500 linafichwa kabatini lisubiri wageni, na pasi inatolewa Jumapili tu. Kwa imani hiyohiyo friji kuukuu lililonunuliwa likiwa limeshatumika linanguruma kutwa kucha bila kushtakiwa, kwa sababu kibandiko chake kinasema wati 120, na wati 120 haziogopeshi mtu. Uniti zikiisha kabla ya wakati, lawama inakwenda jikoni au inakwenda kwa mita ya LUKU yenyewe. Imani hii ni kosa la hesabu, na ni kosa linalogharimu fedha na misitu. Dawa yake ni chombo kidogo ambacho nyumba nyingi hazijapata kukiona: mita ya kuchomeka, inayokaa kati ya soketi na plagi ya kifaa na kuonyesha kifaa hicho peke yake kimetumia uniti ngapi.

Kosa lenyewe liko hapa. Wati ni kasi ya kula umeme, na uniti ni kiasi kilicholiwa. Kifaa cha wati 1,000 kinamaliza uniti moja kikiwaka saa nzima mfululizo, na cha wati 100 kinaimaliza uniti hiyohiyo kwa saa kumi. Anayesoma kibandiko bila kujua kifaa kinawaka kwa muda gani amesoma nusu ya habari, na mara nyingi ni nusu isiyo na faida. Pasi ya wati 1,000 haivuti wati 1,000 muda wote unaponyoosha nguo, kwani ikishapata moto inajizima na kujiwasha yenyewe. Presha kuka hufanya vivyo hivyo: inavuta kwa nguvu mpaka mvuke ukusanyike, kisha inazima na kurudi kidogo kidogo kulinda presha. Jagi la maji linavuta sana, lakini kwa dakika chache tu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji takriban sehemu 0.09 ya uniti, tuseme 0.1 ukihesabu joto linalopotea, na kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu jagi lina wati 1,000 au 2,000. Lenye wati nyingi linamaliza kazi mapema na kuzima. Upande wa pili wako wale wanaovuta kidogo bila kukoma, na hao ndio kibandiko kinaowaficha. Tena kuna vibandiko vinavyotia chumvi. Sabufa inayojigamba kwa PMPO ya wati 5,000 ingekuwa inavuta kweli wati hizo zote, soketi ya kawaida isingeihimili. Ukiichomekea mita utaona makumi ya wati. Simu nayo inasingiziwa. Betri yake ya mAh 5,000, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, inakula kama sehemu 0.025 ya uniti, kwa hiyo uniti moja inajaza simu mara 40.

Kwa nini jambo hili liwe zito zaidi Nkololo kuliko mahali ambapo watu hulipia umeme bila kuwaza? Kwa sababu ya namba 75. Kwa viwango vya mwaka 2016 vya EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, mteja wa kundi la D1, ambalo ndilo la kaya zenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila inayozidi hapo ni shilingi 350. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata shilingi 122 kwa uniti ya chini ya mstari na 427 kwa ya juu yake. Anayeendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi anahamishiwa kundi la T1, na huko kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya makato, yaani 356 na senti zake. Ukigawa 75 kwa siku 30 unapata uniti mbili na nusu kwa siku. Hiyo ndiyo posho ya nyumba nzima. Mwenye posho ndogo namna hiyo ndiye anayehitaji kujua kila kifaa kinachukua ngapi, kuliko hata mwenye nyumba ya viyoyozi Masaki.

Sasa tuiweke nyumba ya kawaida kwenye mizani. Balbu tano za LED za wati 7 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula uniti 5.25 kwa mwezi. Runinga bapa ya wati 45 kwa saa hizohizo inakula 6.75. Simu tatu zikijazwa kila siku, uniti 2 na robo. Maji ya chai lita mbili kwa siku, uniti 6. Halafu kile kinachoogopwa kuliko vyote: sufuria moja kila siku ya maharage, makande, choroko au dengu ndani ya presha kuka, tuseme nusu uniti kila mpiko, jumla 15. Zote pamoja ni uniti 35 na robo. Nyumba imewaka, imetazama taarifa ya habari, imekunywa chai na kula chakula kigumu kuliko vyote kuiva, na bado haijafika nusu ya posho yake. Kilichobaki ni friji, na hapa ndipo hukumu inapotolewa. Friji dogo lililo zima likila uniti 0.7 kwa siku, ni 21 kwa mwezi, na nyumba inafika 56 na robo. Friji kuukuu lenye mpira wa mlango uliolegea na gesi iliyopungua, ambalo kompresa yake haipumziki, likila uniti 2 kwa siku, ni 60, na nyumba inafika 95 na robo.

Uniti 20 na robo zilizozidi zinagharimu shilingi 8,647 peke yake, wakati 75 za kwanza zimegharimu 9,150. Nyumba ikishahamishiwa T1, uniti zake 95 na robo zinafika takriban shilingi 33,900 kwa mwezi, wakati ya friji zima, iliyobaki D1, inalipa 6,860. Tofauti ni kama shilingi 27,000, sawa na gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini, ikilipwa upya kila mwezi kwa sababu ya mpira wa mlango na gesi. Na kwa kuwa mwenye nyumba hajui, atafanya nini? Atarudisha maharage kwenye mkaa. Ataokoa uniti 15 na kumwacha mla 60 aendelee. Nyumba yake itashuka hadi 80 na robo, bado juu ya mstari, huku sasa akinunua na mkaa. Niliyoandika hapo juu ni makadirio ya hesabu, wala sidai kwamba kila friji kuukuu linakula 2. Liko linalokula 1.2 na liko linalokula 3, na kwa kulitazama, kulisikiliza au kusoma kibandiko chake huwezi kujua ni lipi. Lichomeke kwenye mita kwa siku saba, ugawe kwa saba.

Sifa mbaya ya kupika kwa umeme haikutoka hewani, na wanaoishikilia si wajinga. Ilitoka kwenye jiko la koili na lile la sahani, yaliyotangulia kuingia majumbani. Maharage yakikaa saa mbili na nusu juu ya sahani ya wati 1,500, joto likipotea pembeni na mfuniko ukifunguliwa mara kwa mara, kufika uniti 2 si ajabu. Aliyeona LUKU yake ikiporomoka hivyo alikuwa na haki ya kuogopa. Kosa ni kuihamishia hofu hiyo kwenye chombo kingine kinachopika kwa njia nyingine. Presha kuka imefungwa, imezungushiwa kuta zinazozuia joto lisitoke, na chakula kinaiva kwa joto linalopita nyuzi 100. Mwishoni mwa miaka ya 2010 shirika la TaTEDO likishirikiana na watafiti wa Uingereza lilizipa familia za Dar es Salaam shajara za mapishi: kila familia iliandika ilichopika, mkaa na gesi vikapimwa uzito, na vyombo vya umeme vikachomekwa kupitia mita. Yaliyotoka humo, kama yaliyotoka kwenye kazi ya namna hiyo nchini Kenya, yaliipindua imani iliyozoeleka: chakula cha kuchemka muda mrefu, kilichodhaniwa hakipikiki kwa umeme bila kufilisika, ndicho kilicholeta akiba kubwa kuliko vyote. Kwa bei ya D1 nusu uniti ni shilingi 61. Hata ukiwa juu ya mstari wa 75, ni shilingi 214. Muuza mkaa gani atakupimia mkaa wa kuivisha sufuria ya makande kwa shilingi 61? Ugali ni habari nyingine. Unahitaji kusongwa, na presha kuka haiufai vizuri. Anayeuza majiko kwa kuficha hilo anaharibu hoja nzuri.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba LUKU yenyewe ni mita, na imeshalipiwa. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, soma uniti kabla na baada. Hii ni kweli, na kila nyumba ingefaa kuijua njia hii leo. Kwenye mita nyingi kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa ni mapepeso mangapi yanayofanya uniti moja. Ikiwa ni 1,000, lita moja ya maji itaipepesesha taa hiyo mara 100 hivi. Njia hii inamtosha anayetaka kujua jagi, pasi au sufuria moja ya maharage. Inashindwa palepale kwenye mtuhumiwa mkuu, kwani friji halipimwi kwa saa moja. Kompresa inaweza kuwa imelala saa hiyo nzima, au ndiyo kwanza imeamka. Linahitaji siku kadhaa, za joto na za ubaridi, mlango ukifunguliwa kama kawaida, na hakuna familia itakayokaa gizani wiki nzima ili LUKU ihesabu friji peke yake. Hapo mita ya kuchomeka haina mbadala.

Pingamizi la pili ni lile la vijiweni: LUKU inaiba, kwa hiyo kupima vifaa ni kupoteza muda. Wanaosema hivi wana ushahidi mkononi, maana kweli shilingi 5,000 huleta uniti 41 siku moja na 28 siku nyingine. Lakini tofauti hiyo haimo ndani ya mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia manunuzi ya umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Toa 1,500 kwenye 5,000, gawa zilizobaki kwa 122, unapata uniti 28.7. Mtu anaweza kuipinga kodi hiyo kwa sababu nzuri kabisa, hasa mpangaji anayelipia jengo lisilo lake, lakini aipinge kama kodi, na akisoma makato kwenye ujumbe wa tokeni yake ataiona. Mita ya kuchomeka inatenganisha mambo mawili ambayo hasira imeyachanganya: uniti chache zilizoingia, na uniti nyingi zilizoliwa. Tena inaweza kumpa mlalamikaji ushindi. Ukijumlisha vifaa vyako vyote na LUKU ikawa imehesabu zaidi sana, au ukazima kila kitu na taa yake ikaendelea kupepesa, basi umeme unavuja kwenye nyaya au kuna mtu kajiunganisha. Hilo ni dai la kupeleka ofisi ya TANESCO likiwa na namba. Ofisini neno "inaiba" halina mahali pa kuandikwa, lakini "vifaa vyangu vimetumia uniti 9 wiki hii na mita imehesabu 14" linaandikika, na fundi atalazimika kulijibu.

Mahali imani hii inapoumiza watu moja kwa moja ni kwenye nyumba za kupanga zenye LUKU moja. Michango inagawanywa sawa kwa chumba, au inapangwa kwa kukisia. Mwenye nyumba anapiga marufuku pasi, hita na jiko la umeme, halafu anaruhusu friji, kwa sababu friji ni kitu cha heshima na halina wati za kutisha. Fundi nguo anayetumia pasi anaonekana mwizi wa wenzake. Mama anayetaka kuchemshia mtoto maji ya uji anaambiwa anunue mkaa. Ugomvi huu hauhitaji kikao cha wazee. Pasi ikichomekwa kwenye mita kwa wiki moja, na friji la chumba cha pili kwa wiki hiyohiyo, kila mmoja atajua anachodaiwa. Anayekula uniti 3 alipe 3, anayekula 14 alipe 14. Ninaona dhuluma ya kweli katika kumtoza mwenye balbu na simu sawa na mwenye friza, na inashangaza jinsi watu wapole wanavyoivumilia miaka mingi kwa kukosa chombo kimoja.

Wengine watasema mita hizo zenyewe za bei nafuu haziaminiki. Tukubali kwamba ziko hafifu, na kwamba kifaa kinachovuta wati mbili tatu kinaweza kusomwa ovyo. Lakini swali letu si kama friji linakula 1.9 au 2.0, swali ni kama linakula 0.7 au 2, na kosa la asilimia chache haliwezi kuficha tofauti ya mara tatu. Chombo chenyewe kinapimika, tena kwa maji: lita moja kamili kwenye jagi, na kisipotoa jibu karibu na 0.1, au kisipokubaliana na mapepeso ya LUKU, kirudishwe dukani. Mnunuzi aangalie pia kiwe kinasoma wati halisi, si kuzidisha volti kwa ampea tu, kwa sababu kompresa na chaja hudanganya kwenye hesabu hiyo na LUKU ya nyumbani haitozi kwa hesabu hiyo. Kiwe na plagi ya pini tatu tulizozoea, za ampea 13, maana adapta legelege chini ya jiko ni moto unaosubiri kuwaka.

Zaidi ya hayo, mita hizi huonyesha volti, na kijijini hilo lina thamani yake. Nyumba iliyo mwisho wa laini inaweza kupata volti 180 jioni badala ya 230. Kwa volti hizo jagi la wati 1,000 linabaki na nguvu ya wati 610 hivi, kwa sababu nguvu ya kifaa cha joto hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Maji yanachelewa, watu wanasema jiko ni bovu, wakati bovu ni laini. Orodha ya volti za saa moja usiku kwa siku kumi ni barua ya malalamiko ambayo imeshaandikwa nusu.

Inabaki hoja ya bei. Ni kweli kwamba kwa nyumba inayotumia umeme wa shilingi elfu chache kwa mwezi, kununua chombo cha kutumia wiki mbili na kukiweka kabatini si busara. Lakini nani amesema kila nyumba iwe nacho? Msimu wa pamba ukifika, hakuna mkulima wa Nkololo anayemiliki mizani ya kupimia mzigo wake, na hakuna anayekubali mzigo huo ukadiriwe kwa macho. Mizani ni ya chama cha msingi, inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na kila mmoja anasimama kuitazama inasoma ngapi. Mita ya kuchomeka inaweza kukaa vivyo hivyo kwenye ofisi ya kijiji, kwenye kikundi cha VICOBA, kwenye shule ya sekondari ambako mwalimu wa fizikia angepata somo la vitendo, au kwenye kamati za mkoa za EWURA CCC, baraza lililoundwa kumtetea mtumiaji. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Majiko yanagawiwa na kuuzwa kwa hotuba. Jiko likitolewa bila mita ya kuazimisha litawekwa kabatini pamoja na jagi, kwa sababu aliyelipokea bado anaamini wati.

Wapo watakaosema haya yote hayamhusu anayepikia kuni za bure au miti ya pamba inayong'olewa baada ya mavuno. Hao sina ugomvi nao. Mwenye nishati asiyoinunua ana hesabu yake, ingawa moshi wake nao una gharama. Hoja hii ni ya anayenunua mkaa wakati soketi ipo ukutani.

Na hesabu zikishapatikana, zisiishie nyumbani. Mstari wa uniti 75 ulichorwa kumlinda mnyonge wa kuwasha taa, na sasa umekuwa ukuta mbele ya anayetaka kupika, kwa sababu uniti ya 76 inapanda bei zaidi ya mara tatu. Uganda ilipokutana na tatizo hilo, mdhibiti wake aliweka mwaka 2022 bei nafuu ya kupikia kwa uniti za kuanzia 81 hadi 150 za mwezi, yaani bei inashuka palepale ambapo kwetu inapanda. EWURA huitisha mikutano ya wazi kabla ya kubadili bei, na kwenye mikutano hiyo wananchi husimama kusema umeme ni ghali, nao wenye mamlaka huandika kwamba wananchi wamelalamika. Kikundi cha akina mama wa Nkololo kikisimama na daftari la miezi mitatu, kila nyumba na vifaa vyake, uniti 15 za kupika, 6 za maji na 5 za taa, na jumla inayovuka 75 pale tu mapishi yote ya siku yanapohamia kwenye umeme, kitakuwa kimemweka mdhibiti mbele ya hesabu ambayo lazima aipokee au aonyeshe ilipokosewa.